Protini Hujuaje pa Kwenda? Utando wa Kiini na Ugonjwa wa Batobato wa Muhogo

Mtahiniwa wa kidato cha nne anajua kuchora seli ya mmea. Anaweka ukuta wa seli, utando wa seli, saitoplazimu, vakuoli na kiini, anaandika majina kwa penseli, anapata alama zake. Muulize sasa: ni kitu gani kinachoingia ndani ya kiini, kinapitia wapi, na kinajuaje kwamba huko ndiko kinakotakiwa? Hapo kalamu husimama. Na maswali ya kupima uelewa huanzia hapohapo inaposimama.

Tutajibu kwa kutumia mmea usiohitaji kutafutwa mbali. Muhogo, ule unaokaangwa Coco Beach na kuliwa na kachumbari, bado unapandwa uani na kwenye viwanja visivyojengwa, kuanzia Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni hadi Chamazi na Toangoma upande wa Temeke. Ukipita karibu na kibustani cha namna hiyo, angalia majani machanga. Ukiona mabaka ya njano katikati ya kijani, jani limejikunja na upande mmoja ni mdogo kuliko mwingine, hiyo ni batobato. Kirusi kinachoileta hunakili DNA yake ndani ya kiini cha seli ya muhogo, si mahali pengine. Kwa hiyo huwezi kuuelewa ugonjwa huu kabla hujauelewa mlango wa kiini.

MLANGO WENYEWE

Utando wa kiini una tabaka mbili, la nje na la ndani. Tabaka la nje limeungana na retikulamu ya endoplazimu. Tabaka zote mbili zimetobolewa matundu mengi, na kila tundu limezungushiwa protini nyingi zilizopangwa kwa duara. Molekuli ndogo kama maji, ioni na nyukleotidi hupita zenyewe. Protini kubwa hazipiti bila kusindikizwa.

Kwa nini protini zinahitaji kupita? Kumbuka mada ya usanisi wa protini. DNA iko ndani ya kiini, ribosomu ziko nje. Ujumbe wa RNA hutoka nje kwenda kwenye ribosomu, na protini hutengenezwa huko. Lakini protini zinazofungasha kromosomu, na vimeng'enya vinavyonakili DNA, hufanya kazi ndani. Zimezaliwa nje, kazi yao iko ndani, na katikati kuna mlango unaochagua.

Wanafunzi huuliza kwa nini hawaoni matundu hayo wanapotazama ngozi ya kitunguu kwa hadubini ya shule. Fanya hesabu. Mchoro wa kiini una kipenyo cha milimita 40, na ukuzaji ni mara 4,000. Kipenyo halisi ni 40 gawanya kwa 4,000, yaani milimita 0.01, sawa na mikromita 10. Tundu la kiini lina upana wa karibu mikromita 0.1. Kwenye mchoro huohuo lingekuwa 0.1 mara 4,000, yaani mikromita 400, sawa na milimita 0.4: nukta ya penseli iliyochongwa vizuri. Utasema, basi nukta hiyo si ingeonekana? Haionekani, kwa sababu hadubini ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana kuliko takriban mikromita 0.2, hata ukikuza kiasi gani. Kukuza picha ni jambo moja, kutenganisha vitu viwili vilivyo karibu ni jambo lingine. Anayechanganya mambo hayo mawili hupoteza alama kila mwaka. Matundu ya kiini huonekana kwa hadubini ya elektroni.

KIBAO KWENYE PROTINI

Simama kituoni Mbagala Rangi Tatu. Daladala mbili zinafanana kila kitu: aina ya gari, viti, hata muziki. Moja inakwenda Kariakoo, nyingine Gongo la Mboto. Unatambuaje? Kwa maandishi ya mbele na mstari wa rangi ubavuni. Injini haikuambii chochote kuhusu safari.

Protini nazo zina sehemu ya namna hiyo. Protini ni mnyororo wa asidi amino uliojikunja. Ndani ya mnyororo mmoja huwa na vipande vinavyojikunja kila kimoja kivyake na kufanya kazi yake, na kipande kama hicho huitwa domeni. Domeni moja inaweza kuwa ndiyo injini, yaani sehemu inayofanya kazi ya kimeng'enya, na nyingine ikawa ndiyo kibao, yaani sehemu inayoonyesha protini inatakiwa ikae wapi. Ukiondoa kibao, injini bado inawaka, lakini gari linaishia popote.

Protini nyingi zinazotakiwa ndani ya kiini zina kibao kifupi chenye asidi amino za chaji chanya. Kibao hicho husomwa na protini ya upagazi iitwayo importini. Mpagazi huushika mzigo kwenye saitoplazimu, huupitisha kwenye tundu na kuuachia ndani. Hadi hapo hadithi ni rahisi. Ugumu uko kwenye neno "kuuachia". Mpagazi anajuaje kwamba sasa yuko ndani?

Hapa inaingia protini ndogo inayoitwa Ran. Umeshajifunza ATP na ADP kwenye upumuaji: moja ina fosfati tatu, nyingine mbili. Ran hubeba molekuli za ukoo huohuo, GTP yenye fosfati tatu au GDP yenye mbili. Ndani ya kiini kuna protini, iliyoshikamana na kromosomu, inayohakikisha Ran inabeba GTP. Nje ya kiini kuna protini nyingine, RanGAP, inayoisukuma Ran ikate fosfati moja ibaki na GDP. Matokeo yake, Ran yenye GTP imejaa ndani, na nje ni adimu. Mpagazi akikutana na Ran yenye GTP, huachia mzigo wake, kisha hutoka akiwa ameshikana na Ran hiyo. Akifika nje, RanGAP inafanya kazi yake, Ran inamwacha mpagazi, na mpagazi yuko huru kubeba mzigo mwingine.

Soma aya hiyo mara mbili ukiwa na karatasi, uchore duara la kiini na mishale. Mchoro wa mishale minne unatosha kuibeba aya nzima.

NDOANO YA MIMEA

Sasa RanGAP inakaa wapi hasa? Katika hamira inaelea tu kwenye saitoplazimu. Katika seli za wanyama wenye uti wa mgongo na katika mimea, sehemu kubwa yake imetundikwa mlangoni kabisa, upande wa nje wa utando wa kiini, pale pale wapagazi wanapotokea. Kinachovutia ni kwamba wanyama na mimea wameitundika kwa njia tofauti.

Kwa wanyama, RanGAP ina mkia. Mkia huo huunganishwa na protini ndogo iitwayo SUMO, na kwa kiunganishi hicho RanGAP hunata kwenye protini kubwa iliyoko kwenye tundu la kiini. RanGAP ya mimea haina mkia huo, na protini ile kubwa mimea haina. Badala yake, mwanzoni mwa mnyororo wake ina domeni ya asidi amino kama mia moja hivi ambayo RanGAP ya wanyama haina. Ndani ya domeni hiyo kuna asidi amino tatu zinazofuatana: triptofani, prolini, prolini. Kwa alama za wanakemia triptofani ni W na prolini ni P, ndiyo maana inaitwa domeni ya WPP.

Kazi hii ilifanywa na Annkatrin Rose na Iris Meier, ikachapishwa mwaka 2001. Walitumia Arabidopsis, kijimea cha ukoo wa kabichi ambacho wanabiolojia wa mimea hukitumia kwa majaribio mengi. Njia yao inafaa kuijua kwa sababu ni jaribio lenye kidhibiti, na karatasi ya vitendo hupenda vidhibiti. Ipo protini inayong'aa kijani ikimulikwa, iliyotoka kwa konyeza wa baharini. Jeni yake huunganishwa na jeni ya protini unayotaka kuifuatilia, na hapo unaweza kuona kwa hadubini protini yako imekwenda wapi. RanGAP nzima iliyounganishwa na protini ya kijani ilionekana kama pete inayong'aa kuzunguka kiini. Domeni ya WPP peke yake, bila sehemu ya kimeng'enya, ilifanya pete vilevile. Zile asidi amino za WPP zilipobadilishwa, pete ikapotea na mwanga ukasambaa. Angalia mantiki: sehemu yenyewe inatosha, na sehemu yenyewe inahitajika. Majaribio mawili, hitimisho moja.

Domeni hiyo hushikilia nini? Kwenye tabaka la nje la utando wa kiini kuna protini zilizopigiliwa humo kama misumari ukutani, na domeni ya WPP ndiyo ndoano inayotundikwa kwenye misumari hiyo. RanGAP si pekee yenye ndoano. Kabla ya hapo, mwaka 1999, protini nyingine ndogo yenye domeni ya aina hii ilikuwa imeelezwa kutoka kwenye nyanya, nayo pia hukaa kwenye ukingo wa kiini.

Jambo moja zaidi kwa wanaosoma mgawanyiko wa seli. Katika mitosisi utando wa kiini huvunjika. Ndoano inatundikwa wapi ukuta ukiwa haupo? RanGAP ya mimea huonekana kwenye bamba la seli, pale ukuta mpya unapojengwa kutenganisha seli mbili, na domeni ya WPP inahitajika ili ifike huko. Seli za wanyama hazijengi bamba la seli, hugawanyika kwa kubanwa katikati. Tofauti uliyoikariri kwenye jedwali la mitosisi ya mimea na wanyama ina protini zake nyuma yake.

Unaposoma mada ya evolusheni, mfano huu uutumie. Bawa la popo na bawa la panzi hufanya kazi moja lakini asili zake ni tofauti. Njia ya kuitundika RanGAP mlangoni ni vivyo hivyo: kazi moja, asili mbili. Ni mfano mzuri kuliko ule wa mabawa ambao kila mtahiniwa anauandika.

KIRUSI MLANGONI

Turudi shambani. Batobato ya muhogo ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894 na Mjerumani Warburg, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Husababishwa na virusi vya kundi la jemini, vilivyoitwa hivyo kwa sababu chembe zake huonekana kama pacha walioungana. Huenezwa na nzi weupe, wale wadudu wadogo wanaoruka ukitikisa majani, na pia na mkulima mwenyewe anapopanda pingili iliyokatwa kwenye mmea mgonjwa. Jeni zake ziko kwenye DNA mbili za mviringo, kila moja ikiwa na nyukleotidi karibu 2,800. Linganisha na mamilioni ya nyukleotidi ya DNA ya muhogo: mzigo wa kirusi ni mdogo mno, na kuna vitu vingi hakikubeba. Kimojawapo ni kimeng'enya cha kunakili DNA. Lazima kiazime cha muhogo, na cha muhogo kiko ndani ya kiini.

Basi kirusi kinaingiaje? Protini ya ganda lake ina kibao cha kuingia kiini, cha aina ileile inayosomwa na wapagazi. Seli inasoma kibao, haiulizi nani amekiandika. DNA ya kirusi huingizwa ndani, hunakiliwa kwa vimeng'enya vya mwenyeji, kisha protini nyingine ya kirusi huibeba DNA mpya kutoka nje ya kiini ili ikaambukize seli jirani. Mpangilio ule ule wa wapagazi na Ran, ambao RanGAP iliyotundikwa mlangoni huuweka sawa, ndio unaotumiwa na mgeni.

Kuzaliana ndani ya kiini kuna matokeo mengine, nayo yaliwafikisha watu kwenye njaa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ilienea Uganda na kuharibu mihogo wilaya baada ya wilaya, kisha ikavuka mipaka. Mwaka 1997 watafiti walieleza kwamba kirusi kilichohusika kilikuwa mchanganyiko: sehemu ya jeni ya ganda ilitoka kwa kirusi cha batobato cha Afrika, iliyobaki ilitoka kwa kile cha Afrika Mashariki. Ili DNA mbili zichanganyike lazima zikutane, na mahali pa kukutana ni kiini kimoja cha seli iliyoambukizwa na virusi vyote viwili. Hapa kwetu, utafiti wa Joseph Ndunguru na wenzake uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba Afrika Mashariki ni kitovu cha utofauti wa virusi hivi. Dakta Ndunguru aliongoza kituo cha utafiti wa kilimo cha Mikocheni, humohumo Kinondoni, ambacho leo ni TARI Mikocheni. Si lazima mtahiniwa wa Dar es Salaam aende ng'ambo kutafuta mfano wa utafiti wa jeni.

Na kinga? Ipo mihogo, asili yake Afrika Magharibi, isiyougua batobato. Kwa miaka mingi wazalishaji wa mbegu waliitumia bila kujua jeni yenyewe ni ipi. Mwaka 2022 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba kinga hiyo inaendana na mabadiliko katika jeni ya kimeng'enya kinachonakili DNA. Yaani kitu kilekile ambacho kirusi kinakiazima. Mmea umebadilisha chombo, mwazimaji akakosa.

UGONJWA USIOPITA MLANGONI

Sasa mtego. Muhogo una ugonjwa mwingine mkubwa, michirizi kahawia, ulioelezwa na Storey mwaka 1936 kutoka kituo cha Amani, Tanga. Nao huenezwa na nzi weupe na pingili. Majani yanaweza kuonekana karibu mazima, na mkulima akagundua siku ya kuvuna, anapokata muhogo na kukuta madoa makavu ya kahawia ndani. Kwangu mimi huu ni ugonjwa mbaya zaidi, kwa sababu unaficha hasara mpaka jasho limeshamwagika.

Virusi vyake vina RNA, nyukleotidi karibu 9,000, na huzaliana kwenye saitoplazimu. RNA hiyo husomwa moja kwa moja na ribosomu, na kirusi kina maelekezo ya kimeng'enya chake cha kunakili RNA. Hakihitaji kuazima kimeng'enya cha kunakili DNA ndani ya kiini. Ndiyo maana muhogo wenye kinga ya batobato unaweza kuangamia kwa michirizi kahawia, na mkulima anayeambiwa "hii mbegu ina kinga" anapaswa kuuliza kinga ya ugonjwa gani.

Hata upande huo wa saitoplazimu, domeni ya WPP ina la kusema, ingawa kwenye zao lingine. Baadhi ya viazi mviringo vina protini ya kinga iitwayo Rx, inayotambua kirusi X cha viazi, ambacho pia ni cha RNA. Rx hushikamana na domeni ya WPP ya RanGAP, na hilo husaidia kuibakiza Rx ya kutosha kwenye saitoplazimu. RanGAP hiyo ilipopunguzwa katika mimea ya majaribio, kinga ya Rx ilidhoofika. Mlinzi ana faida akisimama pale mwizi anapopita.

MASWALI YA MAZOEZI

1. Mkulima wa Mbagala amepanda pingili kutoka kwenye shina lenye mabaka ya njano. Jirani yake amepanda pingili kutoka kwenye shina safi, lakini miezi mitatu baadaye majani yake nayo yana mabaka. Eleza jinsi kila mmoja alivyopata ugonjwa. (alama 4)

Jibu: Wa kwanza ameupanda ugonjwa mwenyewe. Uzazi usio wa kijinsia hutoa mmea wenye jeni zilezile, na virusi vilivyomo kwenye shina huhamia mmea mpya. Wa pili ameupata kwa nzi weupe waliofyonza utomvu wa mmea mgonjwa kisha wakafyonza wa kwake. Ukiandika "hewa" au "udongo mbaya", huna alama.

2. Protini yenye domeni ya WPP imebadilishwa asidi amino moja ya domeni hiyo, lakini sehemu yake ya kimeng'enya haijaguswa. Mwanafunzi anadai protini hiyo imekufa. Toa maoni. (alama 3)

Jibu: Dai si sahihi. Kimeng'enya kinaweza kuendelea kufanya kazi, ila protini inaweza kushindwa kukaa kwenye utando wa kiini na kusambaa kwenye saitoplazimu. Kilichoharibika ni mahali pa kazi. Usiandike kwamba domeni ya WPP hukinga muhogo dhidi ya batobato. Hakuna sehemu ya somo hili iliyosema hivyo, na mtahini ataona umechanganya mifano miwili.

3. Kwa nini dawa inayozuia kunakiliwa kwa DNA ndani ya kiini isingezuia michirizi kahawia, na kwa nini isingefaa hata kwa batobato shambani? (alama 4)

Jibu: Kirusi cha michirizi kahawia kina RNA na hujinakili kwenye saitoplazimu, kwa hiyo hakiguswi. Kirusi cha batobato kingezuiwa, lakini kinatumia kimeng'enya cha muhogo wenyewe. Seli za muhogo zingeshindwa kunakili DNA yake, mitosisi ingesimama, na mmea usingekua. Alama ya nne huenda kwa atakayetaja mitosisi.